Kibao Chekundu kwenye Mlango wa Mbuzi

Kwa miezi kadhaa banda letu la mbuzi lilikuwa na mlango ulioandikwa kwa rangi nyekundu: HATARI YA KIFO. Mke wangu aliuchukia. Mimi niliupenda, na mgeni akiuliza nilimweleza kwa furaha kwamba kile kilikuwa kibao cha Leta, kwamba nilikuwa nimeking'oa kwa mikono yangu, na kwamba sasa angalau kilikuwa na kazi.

Leta ndilo jina tunaloiitia serikali huku Goma. Lakini mtu yeyote mwenye muhuri, kofia au bunduki anaweza kusema yeye ni Leta, na katika maisha yangu wengi wamesema. Niliuza maharage kutoka vilima vya Masisi, na njiani kulikuwa na bariere moja: kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na mtu ameketi kando yake juu ya kigogo. Serikali ilipokuwepo alitutoza kwa jina la serikali. Waasi walipoingia alibadilisha kofia. Waasi hao walipoondoka na wengine kuja, kofia ilibadilika tena, ila kamba ilikuwa ileile na kigogo kilekile.

Siku moja nilimwuliza, "Papa, leo uko wa nani?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mi niko wa kamba, patron. Lipa, upite."

Basi mtu wa kazi yangu angeipenda Leta namna gani? Niliona mkubwa mmoja akipanga bei ya unga kwa amri, na wiki hiyohiyo unga ukatoweka sokoni, ukawa unauzwa nyuma ya nyumba kwa bei ambayo hata tajiri alilalamika. Niliona ruhusa ya kuuza ikidaiwa na watu watatu tofauti kwa kibanda kimoja. Nilisema, na bado nasema, kwamba mama anayeuza ndizi anajua bei ya ndizi kuliko ofisi yoyote.

Halafu mlima ulipasuka. Moto ulishuka mjini kama uji mweusi, ukapita katikati ya mitaa mpaka ziwani, na nyumba yangu ya kwanza iko chini yake hadi leo. Tulikimbia, tukarudi. Mawe yalikuwa bado yanachoma nyayo kupitia viatu, nasi tulisimama juu yake na majirani tukikumbushana: hapa palikuwa na mparachichi wako, pale palikuwa na choo chetu, kwa hiyo mpaka unapita hapa. Hakuna aliyepigana. Ofisi ilitoa amri kwamba mtu asijenge juu ya lava mpaka wataalamu wapime. Hatukungoja. Tulivunja lava, tukajenga kuta kwa lava hiyohiyo, na mji ukasimama tena. Kama tungetii, tungekuwa bado chini ya mahema.

Nilikuwa na haki katika jambo hilo. Lakini nilipatia mara hiyo moja kwa sauti kubwa, na tangu hapo sikujua tena kunyamaza.

Niliuza mahali pangu pale katikati na kununua kiwanja kipana upande wa magharibi, kupita Ndosho. Mwisho wa kiwanja palikuwa na shimo, bonde dogo la duara kama bakuli, majani mabichi chini, pembeni mawe ya lava ya zamani. Upepo haukufika mle. Nilishuka mara nyingi saa sita mchana kukata majani ya mbuzi, nikapumzika humo hata nikasinzia.

Jirani yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mtu mrefu, mwembamba, mpenda serikali. Jioni tulikaa kwenye ngazi yake na redio katikati yetu, tukibishana. Yeye alisema bila Leta tungeulana. Mimi nilimwambia Leta ndiyo imetuua zaidi. Wake zetu walituita redio ya pili.

Siku moja ofisa alifika na vibao viwili juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Alichimba tundu kwenye ukingo wa shimo langu na kusimika kimoja. Alisema mule kuna mazuku. Kila mtu wa Goma anajua mazuku: hewa mbaya inayotoka ardhini, haina harufu, haina rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala kwenye mabonde kama maji. Mnyama akiinamisha kichwa ndani yake hufa bila kelele. Hilo nililijua. Nilichokataa ni kwamba iko kwangu.

Kisha ofisa alinyoosha mkono. Alitaka matabishi, kitu kidogo cha kumshukuru kwa kusimika.

Hapo nilimaliza kumsikiliza. Jua lilikuwa kali, upepo wa ziwa ulikuwa unavuma. Niliruka ndani ya shimo mbele ya mwalimu na majirani wengine, nikaanza kucheza.

"Angalia! Niko muzima ao niko maiti?"

"Shuka asubui, papa, si saa hii," ofisa alisema. "Asubui, kama upepo haiko."

"Asubui bei itakuwa ngapi?"

Watu walicheka sana. Ofisa alisukuma chukudu yake akaenda, na kabla hajafika njia kubwa kibao kilikuwa mikononi mwangu.

Mwalimu peke yake hakucheka. "Mtu akikuomba pesa, haina maana amedanganya," alisema.

"Mwalimu, nionyeshe mmoja aliyeomba pesa akasema kweli."

"Daktari," alijibu.

Nilimwambia anakula upande wa Leta. Ubao ulikuwa mzuri, mbao ngumu. Kesho yake ukawa mlango wa mbuzi.

Mvua zilipofika, palikuwa na asubuhi moja ya ukungu, hata jani halikutikisika. Mbuzi walikuwa wamesukuma ule mlango wakatoka. Mke wangu alikwenda kuwatafuta, na mimi nilikuwa bado nafunga viatu niliposikia mwalimu akipiga kelele kutoka upande wa shimo. Nilipofika, alikuwa anapanda ukingo, uso umefura kwa kubana pumzi, akimvuta mke wangu kwa makwapa. Mke wangu alikuwa amewaona mbuzi wamelala chini, akashuka, akainama kumshika mmoja, akaanguka palepale. Bahati yake ni kwamba mwalimu alikuwa mbele ya mlango wake akipiga mswaki.

Tulimlaza juu ya majani. Alikuwa na rangi ya majivu. Nilimwita, nikampiga mashavu, nikaahidi mambo ambayo sitayaandika. Alipovuta pumzi ya kwanza ilikuwa kama mtu anayetoka chini ya ziwa. Alitapika, akakaa, akaangalia mbuzi, kisha akanitazama mimi.

"Rudisha mlango yako mahali uliing'oa," alisema.

Nilirudisha. Mwalimu alinishikia kibao nikishindilia udongo. Alisema tu kwamba mbuzi waliokufa hawawezi kuliwa, na kwamba kibao peke yake hakitoshi, kwa kuwa mbuzi hawasomi.

Nilifikiri sana siku hizo. Ningeweza kubadilika, kuwa mtu wa Leta kama yeye. Sikuweza. Yule ofisa alisema kweli, lakini aliisema akiwa na mkono wazi, akaenda zake na hakurudi kuangalia kama tuko hai. Kosa langu halikuwa kuchukia mkono ule. Kosa langu lilikuwa kuutupa ukweli pamoja nao, kwa sababu majirani walikuwa wanacheka na mimi nilipenda wacheke.

Kwa hiyo niliita majirani, bila ofisi, na niliwaambia hivyohivyo. Kila nyumba ilileta mawe. Tulizungusha ukuta wa lava bila saruji, kimo cha kifua, tukaacha nafasi moja ya kupita, iliyofungwa kwa fito. Tulikubaliana kanuni fupi ambayo mtoto angeweza kuikumbuka: moto kwanza. Anayetaka kushuka anatanguliza moto kwenye kijiti kirefu. Ukizimika, harudii kujaribu mpaka upepo uvume. Hakuna faini. Atakayevunja, majirani wote watamjia mlangoni kupiga kelele, na kwetu hiyo ni adhabu nzito kuliko faini.

Tangu siku hiyo mwalimu alinisalimia, "Bonjour, Leta." Mke wangu naye alichukua jina hilo, hasa nilipokuwa natoa amri juu ya chakula.

Ukuta ulikaa miaka mingi. Serikali ilipita, waasi walipita, mtu mmoja mwenye muhuri alikuja kuuliza ukuta umejengwa kwa ruhusa ya nani. Tulimwonyesha shimo, tukampa kijiti chenye moto. Aliona kikizimika, akasahau swali lake.

Halafu vita vilivyokaribia tena vikaleta watu. Walikuja kutoka Masisi na Rutshuru na magodoro vichwani, kuku chini ya makwapa, wazee juu ya chukudu. Munigi ilijaa, shule zilijaa, makanisa yalijaa. Alasiri moja mke wangu alinigusa bega na kuonyesha mwisho wa kiwanja. Moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye ukingo wa shimo.

Nilikimbia kwa namna wazee wanavyokimbia. Sehemu ya ukuta ilikuwa imebomolewa, mawe yamekuwa mafiga. Familia tano au sita zilikuwa zimeketi ukingoni, zikipika, na vijana pembeni yao walikuwa wanakata majani ya kutandika. Nilielewa mara moja. Palikuwa mahali pazuri kuliko pote: hakuna upepo, hakuna mwenyewe, majani laini. Walikuwa wanangoja chakula kiive, kisha washuke na watoto kulala. Mawingu yalikuwa yameshuka na upepo ulikuwa umekufa.

Nilianza kupiga kelele. "Tokeni! Mule kunaua! Tokeni wote!"

Mama mmoja alisimama, mtoto mgongoni. Alikuwa na sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka kilima kingine.

"Muzee, unatufukuza?"

"Apana, mama. Kuko mazuku mule."

"Mazuku." Aliwageukia wenzake. "Jana kwa shule walisema kuko kipindupindu. Juzi kwa kanisa walisema kuko mabomu. Leo ni mazuku. Kila mahali kuko kitu, ila ukitoa pesa kitu kinaisha. Unataka ngapi?"

"Sitaki pesa!"

"Basi unataka nini? Mi nilitelemka mule saa sita, nikachuma majani. Niko muzima ao niko maiti?"

Nilikuwa nimeyasema maneno yale mahali palepale. Nilitafuta kibao changu ili nimwonyeshe, nikakiona: kilikuwa chini, juu ya ardhi yenye maji, na juu yake alilala mtoto mchanga, amefungwa kitenge, anasinzia. Maandishi mekundu yalitokea pande zote mbili za kichwa chake.

Hasira ilinitoka. Kama ningeendelea kupiga kelele wangeshuka tu, kama mimi nilivyoruka, kwa ubishi. Niliketi kando ya mafiga yao, pumzi imenikatika.

"Mama, usinisadiki," nilimwambia. "Hata mimi sikumsadiki aliyeniambia. Nilicheza mule ndani kama mupumbafu. Bibi yangu alianguka mule asubui moja, na mbuzi zetu zikakufa. Usinisadiki. Chukua moto yako mwenyewe, kwa mafiga yako, ushushe."

Alinitazama. Kisha aliokota jani kavu la mgomba, akalifunga kwenye kijiti cha kuchungia, akaliwasha. Alisimama ukingoni na kulishusha taratibu. Mwali ulikuwa mkubwa. Ulipofika kimo cha magoti kutoka chini ulizimika, kama umeshikwa na mkono. Moshi haukupanda, ulilala palepale na kutandaa.

Aliwasha tena. Ukazimika tena, mahali palepale.

Mara ya tatu hakuwasha. Alimshusha mtoto wa mgongoni, akamketisha kando ya mguu wake, akampima kwa macho. Kichwa cha mtoto kilifika chini kidogo ya goti. Aligeuka, akapiga kelele kwa lugha ya kwao, sauti moja, na vijana walioshika majani wakayaachia na kurudi nyuma.

Usiku huo nyumba yetu haikuwa na mahali pa kukanyaga. Mwalimu alichukua familia mbili, akalalamika kwamba mimi nimechukua zenye kuku. Hata banda la mbuzi lilifagiliwa.

Asubuhi niliamka nikiwa na haraka, kwa kuwa wengine walikuwa wanafika bado, na nilijua mahali watakapopaona pazuri. Nilikuwa natafuta fimbo yangu niliposikia kelele kutoka ukingoni. Nilichungulia. Yule mama alikuwa amesimama kwenye pengo la ukuta, kijiti mkononi, na mbele yake kulikuwa na mwanamume mwenye godoro kichwani, amekasirika.

"Wewe ni nani wa kutukataza?" alikuwa anauliza. "Uko Leta? Unataka ngapi?"

"Pesa gani?" alisema mama. "Washa moto, shusha, uone na macho yako."

Nyuma yake vijana wa jana walikuwa wanarudisha mawe ukutani, jiwe moja moja. Kibao hakikuwepo. Yule mtoto mchanga alikuwa bado amelala juu yake katika sebule yetu, kama alivyobebwa jana, na mke wangu, aliyeniona nikikitazama, alitikisa kichwa.

"Kiache," alinong'ona. "Kule kuko mutu sasa."

Niliweka fimbo chini na kwenda kuwasha moto wa chai.