Mwalimu Anajisikia

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka ishirini na sita, na kila mwaka, tukifika kwenye visawe, huandika ubaoni neno "kiburi" na kuwaambia wanafunzi wanitajie ndugu zake. Mikono inapanda: majivuno, maringo, ujeuri, kujitapa. Halafu nawauliza, na mtu anayejiheshimu, mwenye fahari ya kazi yake, huyo naye yumo humu? Hapo mikono inashuka. Mimi hujibu mwenyewe kwamba hayumo, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kwa sababu mtu huyo nilidhani ni mimi.

Hayo ni maneno ya vitabuni. Mtaani hapa Voi wana lao, fupi na kali: anajiskia. Ukishasemwa unajiskia, kesi yako imekwisha, hakuna wa kukutetea. Nilijua kwamba ndivyo ninavyosemwa katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Nguo zangu nilianika ndani, sikuwahi kuomba hata chembe ya chumvi, na nikirudi kutoka shuleni nilifunga mlango. Siku moja nilifika mferejini na ndoo yangu nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Huyo madam anajiskia, wacha tu." Nilichota maji, nikamshukuru aliyenipisha, nikaenda kulia chumbani. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, au ndivyo nilivyojiambia.

Mimi ni mtu wa Werugha, huko juu milimani, na nimelelewa na mama aliyepeleka maziwa kwa mguu kila alfajiri, ukungu ukiwa mzito hata humwoni aliye mbele yako, na sweta yake ilikuwa safi kuliko ya mke wa mchungaji. Hakutaka tuonekane na shida. Ukikuta jirani wanakula, unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma na wote wanalisikia. Mume wangu alipoondoka kwenda kuishi na mwingine, sikumfuata wala sikumuuliza kwa nini. Hatukuwa tumejaliwa watoto, kwa hiyo sikuwa na wa kumpa maelezo. Niliomba uhamisho nikashuka Voi, nikapanga chumba kando ya barabara ya Mombasa. Watu wa kwetu walinisifu sana, wakasema mwanamke yule anajiheshimu. Ni kweli nilijiheshimu, lakini sifa hiyo haikuwahi kunipigia hodi kuuliza kama nimekula.

Aliyenipigia hodi ni mtu mmoja tu. Katika chumba kinachotazamana na changu alikaa mama mmoja mtu wa Taveta, muuza ndizi. Aliivisha mikungu chumbani humo humo, na korido yote ilinukia. Kila asubuhi alinisalimu kama mtu wa ukoo wake.

"Mwalimu, umeamka?"

"Nimeamka, mama."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Lakini wacha niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wangu, mkoba begani, nikisubiri komeo lake lilie ndipo nami nitoke, ionekane kama tumekutana kwa bahati. Nilikuwa mpweke kiasi hicho. Wikendi niliwasha redio nikisahihisha mitihani ili chumbani kuwe na sauti ya mtu.

Mwaka juzi homa ikanishika. Siku tatu sikutoka, na hapo ploti hakuna aliyejua, kwa sababu sikumwambia jirani yeyote. Asubuhi ya siku ya tatu nikasikia hodi, na sauti ya yule mama.

"Mwalimu! Unajiskia..."

Wakati uo huo trela likapita barabarani, dereva akalalia honi, mabati yakatetemeka juu ya kichwa changu. Lilipokwisha kupita, kimya. Mama alikuwa amesimama pale nje akingoja jibu. Kichwa kilikuwa kinaniwaka, na nilichosikia ndicho hicho tu: mwalimu, unajiskia. Nikasema moyoni, hata wewe? Umengoja niwe chini ndipo uje kunitamkia mlangoni? Nikaketi kitandani, nikajibu kwa sauti ninayoitumia kwa wanafunzi watundu.

"Ndiyo, najisikia. Na mlango ni wangu."

Nikasikia kitu kikiwekwa sakafuni, halafu kikaokotwa tena, na ndara zake zikarudi taratibu hadi kwake. Nikalala nimeridhika.

Kuanzia hapo salamu ikakatika. Tukikutana koridoni alisogea ukutani kunipisha, macho chini. Nilidhani ameona aibu kwa ufidhuli wake. Nilimwacha aone.

Jumatatu nikarudi darasani, bado miguu haina nguvu. Msichana wa dawati la mbele akasimama kwa adabu.

"Mwalimu, unajiskia aje leo?"

Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Badala ya kumjibu nikageukia ubao kumsahihisha. Hatusemi "unajiskia aje", tunasema "unajisikiaje". Hicho kiulizi kinashikana na kitenzi chake, hakitembei peke yake. Nikaandika "unajisikia", na chaki ikakwama hapo. Nyuma yangu darasa likaanza kunong'ona.

Yule mama alikuwa ananiuliza hali. Trela lilikuwa limemeza "aje", likaniachia tusi. Na jambo la kwanza nililofanya, nalisema ingawa linanifedhehesha, ni kumlaumu yule mama kwa sarufi yake. Angesema Kiswahili sanifu, nikajiambia, haya yasingetokea.

Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua nne. Jioni ile sikuzipiga. Nilisema nitakwenda kesho, kesho ikafika nikaona amechoka, kesho kutwa alikuwa na mgeni. Halafu zikapita wiki, na nikaona sasa imechelewa, nitaanzaje? Mwalimu mzima aende kwa muuza ndizi kuomba radhi kwa ajili ya kiulizi? Nilitaka anisalimu yeye kwanza, hata mara moja, nimwitikie kwa uchangamfu na mambo yaishe bila kutajwa. Hakunisalimu. Naye alikuwa na heshima yake, na aliilinda vizuri kuliko nilivyoilinda yangu. Siku ile ya homa nilikosea kusikia tu, mtu yeyote angeweza. Miezi minne iliyofuata, nikijua ninachojua na kupita mlango wake kimya, ilikuwa kiburi, na sina kisawe cha kukipamba. Nyumba yangu haikuwahi kuwa na kimya kama cha miezi ile. Nilizoea kusimama nyuma ya mlango hata baada ya salamu kwisha, nikisikiliza tu anavyotoka na kwenda zake.

Jumamosi moja asubuhi nilisikia vyombo vikiburutwa. Nilichungulia nikaona pikapu getini, godoro lake tayari limefungwa kwa kamba. Alikuwa anamweleza dereva kwamba dada yake amempatia nafasi sokoni Taveta, anarudi kwao. Nikatoka, sijachana nywele.

"Mama," nikasema, "siku ile sikukusikia."

Akasimama na beseni lake mkononi. Nikamweleza yote: homa, trela, honi, "aje" iliyopotea. Nilieleza kama niko darasani, maana sijui kueleza kwa namna nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilijua ni juu ya hizi ndizi. Nilisema, mwalimu ameona huyu wa kuuza ndizi amemzoea sana."

"Hapana, mama. Wallahi hapana."

Nimelelewa kanisani na siapi hivyo kamwe, lakini ndivyo lilivyonitoka. Akanitazama kidogo.

"Sasa niambie ukweli. Ungeisikia hiyo aje vizuri, ungenifungulia?"

Nikaikumbuka asubuhi ile: shuka zimelowa jasho, ndoo kando ya kitanda, nywele timutimu, na mimi niliyefundishwa kusema nimeshiba. Ningemjibu kupitia mlango uliofungwa, kwa adabu zote na kwa Kiswahili sanifu, kwamba sijambo, asante sana.

"Nisingefungua," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa.

"Nilijua," akasema. "Lakini ningerudi kesho yake."

Dereva alikuwa amewasha gari. Nikamsaidia kupandisha beseni, kitu cha kwanza nilichowahi kumsaidia, na wakaondoka.