Nilifuta layer niliyoona haina kazi, marehemu akatokea na mkono wa mwanamke begani

Wakuu, heshima kwenu.

Hii ninayoileta inanifanya nionekane bwege. Nimeshalikubali hilo, kwa hiyo mtakaokuja kuniita bwege mtakuwa mmechelewa. Chai humu hakuna, yamenikuta mwenyewe.

Elimu yangu ni darasa la saba. Wengine huwa wanasema waliishia hapo kwa sababu ya ada. Mimi nilimaliza, nikafeli, nikafurahi.

Nikaenda Rujewa kubeba magunia ya mpunga kwenye mashine za kukoboa. Baada ya msimu mmoja mgongo ukanishauri nitafute kazi ya kukaa.

Nikatua Mbeya mjini, Mwanjelwa, kwenye kistudio cha picha. Mwenyewe tumwite Fundi Ambi. Mnyakyusa mmoja mrefu, mkimya, anakunywa chai ya rangi kutwa nzima. Huyu mzee unampelekea passport ya mtu aliyenuna, kesho unakuta mtu huyo amevaa suti, amekaa mbele ya ghorofa, na kununa kumepungua.

Nikamwomba anifundishe.

Akasema, "Mimi sifundishi, dogo. Nikifundisha kazi zinalala."

Akanirushia flash. "Humo kuna kazi zangu na layer zake zote. Fungua uone nilivyofanya. Ukikwama, usinifuate."

Mafunzo yakawa yameishia hapo wakuu. Hakukuwa na cheti wala mahafali.

Kwa wasiojua: picha ya kawaida ni ugali ulioshaiva, huwezi tena kutoa maji. Faili lenye layer ni ugali ambao unga uko huku, maji yapo kule, mwiko pembeni. Kila kipande kimelala juu ya chenzake, na kila kimoja kina kijicho chake. Ukibofya jicho, kipande kinapotea. Ukibofya tena kinarudi.

Nikawa nazima na kuwasha macho kutwa.

Hapo ndipo nilipoujua mji. Kuna bibi harusi alikuwa ameposti yuko ufukweni, watu wamelia kwa wivu. Nikazima jicho la bahari, kumbe amesimama Uyole nyuma ya lori la viazi.

Lakini pia nilijifunza, msinicheke. Niliona Fundi anachora kivuli cha miguu kwenye layer yake peke yake. Ukikizima, mtu anaelea kama malaika asiye na kituo. Niliona hafuti nywele na raba, anazificha kwa mask ili akitaka azirudishe. Niliona shingo anaipaka rangi mara tatu kidogo kidogo mpaka inakubaliana na uso ambao si wake.

Majina ya layer zake sasa! Moja inaitwa "meno ya akiba". Nyingine "shingo ya Juma". Nyingine "anga la Tukuyu kabla ya mvua".

Halafu kwenye lile faili la suti, suti nyeusi moja ya heshima kweli, mtu amekaa kwenye kiti, kulikuwa na layer inaitwa "kiraka".

Nikazima kiraka. Sikuona tofauti.

Nikawasha. Sikuona tofauti.

Nikasema mzee naye ana makorokoro.

Sasa elewa laptop niliyokuwa natumia. Nilikuwa mmiliki wake wa nne. Skrini ina giza upande mmoja kama parachichi lililodondoka. Picha nzima ikikaa pale inakuwa kama stempu. Na hilo faili lilivyokuwa zito, mashine ilikuwa inahema kama mimi nikiwa na gunia. Nikaanza kupunguza mzigo. Kiraka nikakifuta kwenye kopi ya laptop, la kwenye flash sikuligusa, nikasevu, nikajiona mhandisi.

Baada ya miezi minne nikamuaga Fundi, nikarudi kwetu Kilolo kufungua ofisi. Ofisi ni meza na kibao, lakini ni ofisi.

Mteja wangu wa kwanza wa maana akawa Mama Ezekia, jirani yetu. Mume wake, Mzee Festo, alikuwa amefariki, na ukoo ulikuwa unajiandaa kwa siku ya kujengea kaburi. Mchungaji anakuja, kwaya inakuja, ndugu wanatoka kila kona. Mama anataka picha kubwa ya kuweka mbele ya watu.

Tatizo, Mzee alikuwa na picha moja tu duniani. Ya kitambulisho. Ana sweta, jicho moja limefumba.

Mama akaniambia, "Mvalishe suti, mwanangu. Kila mwaka alikuwa anasema akivuna viazi atanunua. Kila mwaka viazi vinagoma."

Wakuu, hiyo kazi niliifanya kwa moyo. Suti nikachukua ileile nyeusi ya Fundi. Jicho nililifungua, nikalitengeneza kwa kulikopi la upande wa pili na kuligeuza. Shingo nikapaka mara tatu. Kivuli nikaweka. Nyuma nikaweka nyumba yenye nguzo na maua. Mzee akatoka kama waziri mstaafu.

Nikaipeleka Iringa mjini wakaiprinti kubwa, wakaiweka fremu, wakaifunga na magazeti. Sikuifungua. Ningeikagua ya nini wakati nimeitengeneza mwenyewe?

Siku ikafika. Watu wamejaa uwanjani, wazee nyuma ya nyumba na ndoo yao ya pombe ya ulanzi, kwaya mbele na kinanda chao cha umeme. Fremu ikasimamishwa mezani, magazeti yakatolewa.

Vigelegele. Mama Ezekia analia na kucheka. Nikaanza kutembea kwa madaha.

Halafu dada wa marehemu, shangazi mmoja ana sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili, akasogea kwenye picha. Akainama. Akavaa miwani.

"Huyu aliyemshika kaka yangu ni nani?"

Nikasogea na mimi.

Begani kwa Mzee Festo, wakuu, kulikuwa na vidole vinne vya mwanamke. Vimetokea kwa nyuma, vimetulia pale kwa raha zake. Kucha ndefu, nyekundu.

Ndiyo nikakielewa kile kiraka. Ile suti Fundi aliikata kwenye picha ya harusi ya mtu, mkewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti amemshika bega. Vidole vikabaki. Fundi akachukua kipande cha koti akavifunika. Halafu akaja mhandisi kutoka Rujewa akakifunua.

Sasa msiwachukulie kama wajinga wale ndugu. Mzee Festo enzi zake alikuwa anapeleka viazi Chimala, anarudi na mchele. Safari ya siku moja alikuwa anaimaliza siku nne. Maneno yalikuwepo kijijini, yalikuwa yamelala tu.

Mimi ndiye niliyeyaamsha. Kwa fremu.

Shangazi akasema, "Mikono ya Chimala hiyo. Hailimi hiyo!"

Mdogo wa marehemu akadakia, "Na suti je? Sisi hapa tunamjua na sweta. Kumbe suti alikuwa anaiacha kule!"

Mama Ezekia akasema taratibu, "Suti niliagiza mimi."

Shangazi, "Na mkono uliagiza?"

Mama aliiangalia ile mikucha, akakaza kanga, akaenda zake jikoni.

Yule mama alikuwa anamzika mumewe mara ya pili, na safari hii anayemzika ni mimi, pamoja na jina lake.

Na mdogo wa marehemu akanigeukia. "Wewe si umepita huko Chimala? Hiyo picha umepewa na nani?"

Nikakimbilia laptop kwetu hapo jirani, nikasema nipeni umeme.

Laptop bila waya haiishi dakika tatu. Tundu lililokuwepo lilikuwa la kinanda. Wakachomoa kinanda, kwaya ikabaki inaimba mkavu ubeti mzima, ikanyamaza. Uwanja mzima ukawa unaniangalia mimi na lile duara linalozunguka.

Shangazi akauliza, "Inapika nini hiyo?"

Faili likafunguka. Nikaanza kuzima macho, kama nilivyojisomesha.

Nikazima nyumba. "Nyumba haikuwepo, mnaona?"

Wakaona.

Nikazima suti. Sikufikiria, wakuu. Kikabaki kichwa cha Mzee Festo kinaelea peke yake, kimefumbua macho yote mawili.

Mama mmoja akapiga yowe. Mzee mmoja wa ulanzi akakaa chini.

Mchungaji akanishika bega. "Kijana, rudisha mwili kwanza, ndiyo uendelee kueleza."

Nikarudisha mwili, nikazima kichwa. Wakaiona suti imekaa haina mtu, na vidole vipo vilevile. Nikawaambia, huyu mwenye mwili ni bwana harusi mmoja wa Mbeya, na huo mkono ni wa mke wake wa halali. Baba yetu kichwa chake kimepachikwa tu hapo juu, hana habari.

Nikachomeka flash, nikafungua faili la Fundi lenyewe ambalo halijaguswa, nikalikuza mpaka bega likajaa skrini. Nikawasha kiraka. Vidole vikapotea. Nikazima. Vikarudi. Nikawasha.

Shangazi akaomba abofye mwenyewe. Akabofya kama mara kumi na tano. Halafu akacheka, na akicheka yule ujue kesi imekwisha.

"Kumbe kaka yangu umemuazima mwili!"

Mchungaji akachukua shada moja la maua akalilaza begani kwenye fremu, vidole vikafunikwa, akasema ibada iendelee. Yaani mchungaji aliweka kiraka chake bila hata kufungua photoshop.

Sasa wakuu, ninachokisema kwa wanaojifunza kwa kufumua mafaili ya watu kama mimi: ni shule nzuri sana, mimi sijui nyingine. Lakini layer usiyoiona kazi yake, kuza picha mpaka pua ijae skrini kabla hujaifuta. Fundi hakuiweka kwa kukosa kazi. Na kazi ya mteja ifungue kabla haijafunguliwa mbele ya mchungaji.

Fundi Ambi nilimpigia nikamsimulia. Nikasikia anakunywa chai, akakata simu.

Wataalamu njooni mniambie, vidole kama vile ninyi mnaviondoaje? Na wenye aibu zao za kazini wazimwage hapa, nisibaki peke yangu. Matusi nitasoma yote.

Ila kuna hili.

Watu walipoanza kula nilimfuata Mama Ezekia jikoni kumuomba msamaha. Nikamwambia umeona lakini mama, ule mkono haumhusu baba. Nitaufuta, nikuletee nyingine safi.

Akaniangalia, akasogeza sufuria pembeni.

"Wale umewatuliza, mwanangu. Mimi hujanituliza. Chimala kulikuwa na mtu. Nilikuwa najua, na marehemu alijua kwamba najua, tukaishi na watoto tukalea. Kilichoniuma ni kuona mkono umekaa pale begani, halafu siyo wangu."

Akafuta mkono wake kwenye kanga, mkono wa jembe, umepasuka pasuka, akaunyoosha mbele ya simu yangu niupige picha.

"Weka huu. Na kucha usiziguse."