Bata Kumi na Wawili wa Joha

Joha Kibwana wa Tanga ni fundi hodari, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwa mvivu ningemsamehe. Ana miaka hamsini na miwili, thelathini kati ya hiyo kaimaliza mbele ya cherehani, na haipiti siku bila kutukumbusha. Amewashonea mabibi harusi wa Ngamiani, amewashonea wake wa wakubwa, na kila gauni aliliachia akiba nene ya kitambaa ndani ya mshono, ili mwenyewe akinenepa au akishika mimba alirudishe, lifumuliwe, lipanuliwe. Kwao, fundi asiyeacha akiba huitwa mwizi wa kitambaa. Miezi mitano iliyopita aliingia kwenye karakana ya arbab Mohdhar, tajiri wetu, hapa Al Qusais, ughaibuni kwa Waarabu, na tabia yake akaja nayo.

Mimi ni Edna, mtu wa Njombe. Nina miaka minne hapa, yote kwenye meza ya pasi. Kushona najua, nilifundishwa na masista, lakini kwenye karakana hii hakuna aliyewahi kuniuliza. Joha alipokuja alipewa cherehani siku hiyohiyo kwa sababu ya mvi zake na maneno yake mengi. Nilikasirika siku hiyo na mpaka leo sijapoa.

Tunashona mablanketi ya viraka, kitambaa juu, kitambaa chini, pamba katikati. Mwezi uliopita madam mmoja alileta oda ya blanketi la nakshi ya bata bukini wanaoruka. Bata ni pembetatu moja kubwa, na pembetatu mbili ndogo kando yake ndizo mbingu. Ukishamaliza kipande unakishonea kwa mwenzake, bata juu ya bata, mpaka iwe safu ndefu. Kazi yote iko kwenye ncha. Mshono ukiwa wa robo inchi, uzi unapita juu kabisa ya ncha na bata anabaki mzima. Ukizidi hapo, umemkata kichwa.

Joha alishona nusu inchi. Safu ya kwanza ilipotoka, bata wote kumi na wawili walikuwa butu kama visigino vya viatu vilivyolika. Madam aliweka rula yake, akatikisa kichwa, akaondoka bila kuaga.

Arbab Mohdhar, ambaye wazee wake ni wa Unguja na huzungumza nasi Kiswahili cha kwao, alikuja kusimama katikati yetu.

"Bi Joha, Alkhamisi madam anarudi na rula yake. Bata wakitoka tena hivi, wewe utahamia kwenye pasi na Edna atakaa hapo kwenye cherehani. Khalas, sina maneno mengine."

Basi hapo ndipo nilipoona mlango wangu. Nilijua kosa lilipo tangu siku ya kwanza, maana safu zote hupita mikononi mwangu na nikizigeuza naiona ile akiba imelala ndani. Nilinyamaza. Sioni haya kusema. Ningenyamaza siku tatu tu, na kile kiti kingekuwa changu.

Joha alilaumu uzi. Akalaumu sindano, akalaumu kiyoyozi kwamba kinapeperusha kitambaa. Alifumua, akashona upya, akatoa butu walewale. Jumanne mchana alinitupia safu nzima juu ya meza yangu.

"Ni hiyo pasi yako! Unawasugua wanangu mpaka ncha zinapotea. Hawa watoto wa siku hizi, kazi ya kunyoosha tu imewashinda!"

Kunyoosha tu! Miaka minne sijachoma hata shuka moja. Damu ilinipanda, nikaigeuza ile safu upande wa nyuma na kumsogezea usoni.

"Pasi yangu? Hebu tazama hapa, Da Joha! Nusu inchi! Akiba ya nini? Blanketi linashika mimba?"

Akafungua mdomo. Sikumpa nafasi. Nilinyakua rula na utepe wa karatasi wenye gundi, nikaenda mpaka kwenye cherehani yake, nikapima robo inchi kutoka kwenye sindano, nikaubandika utepe pale kwenye bati la cherehani.

"Ukingo wa kitambaa upite hapa! Usivuke! Na kabla ya kuunganisha, pima kila kipande, ncha iwe robo inchi chini ya ukingo. Hata mtoto anajua!"

Joha aliutazama ule utepe, akanitazama mimi, akaketi na kuanza kufumua. Nilikuwa nimerudi kwenye pasi ndipo nikaelewa nilichofanya. Wahenga walisema hasira hasara, na hasara yangu ilikuwa pale mbele yangu, ina pedali na kiti chake.

Jumatano aliniletea bata wapya niwanyooshe. Ncha zote zilikuwepo. Kitambaa kilichokatwa mshazari hutanuka upesi. Pasi unainua na kushusha, huiburuti. Kuiburuta mara moja tu kungetosha, safu ingepinda na rula ya madam ingemaliza mambo. Nilisimama na pasi ya moto mkononi, nikamchukia Joha kwa moyo wangu wote. Kisha nikawatazama wale bata. Walikuwa wazuri mno. Nikainua, nikashusha, bata mmoja mmoja mpaka wa kumi na mbili, na kwa kila mmoja nilikuwa nikijitukana.

Alhamisi madam alipima. Alipima tena. Akacheka kwa furaha, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyemfundisha Joha kazi safi namna hii.

"Nimejua zamani, madam," Joha akajibu. "Miaka thelathini."

Arbab akapiga makofi. "Mabruk, Bi Joha! Kiti ni chako. Yalla, kazini."

Madam alipotoka nilikwenda kusimama mbele ya cherehani yake. Utepe wangu bado ulikuwa pale.

"Muongo wewe, Da Joha."

Hakuinua macho. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, uzi ukakataa mara mbili. "Edna mwanangu," akasema taratibu, "kwa umri huu miguu yangu haiwezi kusimama na pasi kutwa. Ulitaka nimwambie ukweli, halafu akae nani hapa? Wewe?"

"Ndiyo," nikasema. "Mimi."

Kisha akaupata uzi, akateremsha mguu wa cherehani juu ya kitambaa, akashona.