Shikamoo ya kumtungua mjomba

Jamani, leo shikamoo imenitia kinyaa.

Binti yangu Yunisi anajifunza kupigana kwa ndege za kivita kwenye kompyuta. Mwalimu wake ni kaka yangu wa Ihumwa. Kila mtu yuko nyumbani kwake, wanacheza na kuongea humo humo kwenye kompyuta.

Nimeingia na uji, nasikia, "Shikamoo mjomba."

Nikafurahi. Si ndiyo malezi?

Kaka akaitikia, "Marahaba mama, hujambo?"

Hapo hapo binti kaingia nyuma ya ndege ya mjomba wake, kaimiminia risasi mpaka ikawaka.

Unamwamkia mkubwa ili umuue?

Nikamwambia, "Anzeni upya. Omba radhi, umwamkie kwa adabu, na mikono uitoe hapo kwenye kompyuta."

Akaitoa. "Nisamehe mjomba. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu," kaka akajibu kwa upole kabisa, kumbe kashamzungukia mgongoni. Ndege ya mtoto ikalipuka.

Na kucheka anacheka. "Dada, hiyo mbinu unadhani kafundishwa na nani?"

Nimechomoa waya ukutani.

Sasa huyu ni kaka yangu mkubwa, na Jumapili anakuja kula kwangu. Wenzangu, nimwamkie?