Sufuria Iliyoishia Njiani

Kwa mwaka mzima niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba bakteria ukimpasha moto nusunusu hafi tena mpaka kiama. Utamchemsha wiki nzima, atakutazama tu. Habari hiyo ilizaliwa Kirumba, pale Mwaloni, kando ya ziwa, tunaposhona nyavu, na mmoja wa wazazi wake ni mimi.

Nilikuwa nimerudi shule ukubwani, madarasa ya jioni, mwanafunzi mwenye ndevu nyingi kuliko walimu wote wakichanganywa. Jioni moja mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba DNA ya bakteria ni kama kamba iliyosokotwa, kisha ikasokotwa tena juu ya msokoto wake, na kwamba joto likipanda bakteria huurekebisha msokoto huo ili aokoke. Hapo nikasinzia. Nusu iliyobaki ya somo nilijaziwa kesho yake na wenzangu kazini. Sisi wa nyavu tunajua: uzi wa nailoni ukishausokota na kuumwagia maji ya moto, msokoto unakaa, haufumuki tena.

"Basi na mdudu ni hivyohivyo," akasema fundi mmoja. "Ukimpasha, umemkaza."

Tukapitisha kwa kauli moja, kama bunge.

Ikafika Jumamosi moja. Binti yetu, miaka miwili, alikuwa akiharisha tangu alfajiri. Kufika mchana macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Zahanati walitupa paketi za dawa ya kuchanganya na maji: lita moja ya maji yaliyochemshwa, anywe kidogo kidogo, asikose. Nyumbani kwetu Pasiansi bomba lilikuwa halijatoa tone siku tatu, ambazo kwangu zilikuwa thelathini. Tulikuwa na sufuria moja tu ya maji ya ziwa, yamechujwa kwa kanga. Yalipoanza kutoa vipovu chini, gesi ikaisha.

"Nayapeleka kwa jirani," akasema mke wangu. "Mkaa wake umekolea."

Nikaziba mlango. "Hayo hayafai tena. Yameishia njiani. Wadudu wa humo sasa ni chuma. Nayamwaga, nakwenda kuchota mengine."

"Uende ziwani, urudi, uchuje, uanze upya? Huyu mtoto unamwona au unaona nyavu?"

"Nakwambia nimesoma!"

"Umesoma au umelala darasani?"

Nilikuwa nimeshika ukingo mmoja wa sufuria kwa kitambaa, yeye ameshika wa pili kwa kanga. Tukavutana. Kisha tukasikia kimya. Mtoto kitandani alikuwa ameacha kulia, amelala ubavu, midomo imekauka. Mke wangu akashusha sauti.

"Baba, kimbia kwa mwalimu wako. Ukichelewa, nachemsha na nampa."

Mwalimu aliishi juu yetu mlimani, katikati ya mawe. Nilipanda kama mbuzi aliyeona chui watano. Nikamkuta ananyoa ndevu, povu shavu zima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hivyo, nani amekufa?"

"Bado!" nikasema.

Nikamweleza. Hakucheka. Akateremka na povu lake, akaichukua sufuria, akaiweka mwenyewe kwenye mkaa wa jirani. Yakachemka, yakatokota. Tukayapepea kwa ungo mpaka yakapoa, mke wangu akachanganya dawa, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Kila kijiko kiliposhuka mimi niliona jeshi la chuma linaingia tumboni mwa mwanangu. Akatapika. Nikamtazama mwalimu, yeye akamtazama mke wangu, naye akasubiri kidogo, akaanza tena, taratibu.

Jua lilikuwa limeinama ziwani mke wangu alipoinua juu kanga aliyompakatia mtoto. "Amekojoa!" Mwenyewe analia, huku anacheka. Kanga ile iliyolowa nilitamani kuitundika ukutani.

Ndipo mwalimu akanigeukia pale mlangoni, povu limemkaukia shavuni.

"Sasa sikiliza, usisinzie. Joto likipanda ghafla, msokoto wa DNA ya bakteria hulegea. Ana vimeng'enya, yaani enzaimu, vya kulegeza na vya kukaza. Kwa dakika chache vinavutana mpaka msokoto urudi mahali pake, na wakati huohuo jeni za kumlinda zinafanya kazi. Hiyo humsaidia kwenye joto la homa, au kuzidi kidogo. Nailoni ikishakaa, imekaa. Bakteria lazima ajirekebishe muda wote, na ili ajirekebishe lazima awe hai. Maji yakitokota, vimeng'enya vinaharibika na mdudu wa kuharisha anakufa, hata kama ulishampasha mara kumi. Gesi ikiisha, washa mkaa, endelea kuchemsha."