Nilifyatua Bunduki Harusini, Tumbili Wakashinda Kesi

Mpumbavu aliyewaharibia wakulima wa Wingwi ni mimi, msihangaike kumtafuta. Jina silisemi. Wenzangu wakisoma mistari miwili tu watakuwa washanijua.

Huku kwetu sisi tunapanda mihogo, tumbili wanavuna. Mwenye bunduki ya kibali alikuwa mkwe wangu peke yake, Mzee Faki, naye huipiga hewani kuwafukuza, basi. Asipokuwepo, kijiji kizima tunagonga madebe. Tukaandika barua kuomba na wengine wapewe vibali. Msemaji nikachaguliwa mimi, kwa huu mdomo wangu. Kila kikao nawaambia wakubwa wa serikali: sisi watu watulivu, mtuamini! Nilisema vizuri mpaka nikajipenda mwenyewe.

Wakakubali kuja kijijini kutusikiliza sote. Kazi iliyobaki ilikuwa kutulia mpaka wafike. Kutulia tu, jamani!

Kabla hawajafika, mdogo wangu akaoa. Nikamwendea Mzee Faki, nikamwambia tumbili wameingia shambani kwangu, aniazime bunduki. Kisheria haruhusiwi, lakini mimi si mume wa binti yake? Akanipa.

Nikavaa joho, jambia kiunoni, miwani myeusi. Bwana harusi mwenyewe alikuwa haonekani! Biharusi alipotolewa nje, nikafyatua mbili hewani. Shujaa!

Vigelegele vikageuka mayowe. Sinia la halua likapinduka. Bibi yangu akalala chini akipiga shahada, na mimi nimesimama nacheka. Halafu video niliyopigwa nikaitia mwenyewe kwenye kundi la simu la wakulima, na sheha, mkubwa wetu wa serikali hapa mtaani, yumo humo humo. Msemaji hodari kweli!

Siku ya kikao, mkubwa mmoja hakuuliza habari za mihogo. Aliiweka simu mezani akaifungulia sauti, bunduki ikalia, halua ikamwagika tena mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye mtulivu wenu?"

Nilikuwa na hotuba ndefu. Nikaikunja karatasi yake, nikaikalia.

Vibali tukanyimwa. Na Mzee Faki, kwa kuiazimisha, akanyang'anywa bunduki yake. Aliikabidhi mbele yangu, kaipaka mafuta vizuri, kaifunga kwa kitambaa safi. Hakunitukana. Laiti angenitukana!

"Mwanangu," akasema, "weye kumbe wataka bunduki ya kupigia picha? Si ungenambia? Miye ningekuchongea ya mti."

Mke wangu sasa ananijibu salamu tu, kwa kuwa kuijibu ni wajibu.

Nyinyi mnaotaka kuaminiwa mpewe silaha, nawaombeni sana! Barua zenu hazitazamwi, mnatazamwa nyinyi. Mkienda harusini pigeni makofi, mle pilau, mrudi nyumbani.

Mimi nashinda shambani nagonga debe, tumbili kakaa kwenye kisiki anatafuna muhogo wangu, ananiangalia. Shamba la pili Mzee Faki naye anagonga lake, na mkono wake wa kulia unamuuma. Nikinyamaza anagonga yeye, akinyamaza nagonga mimi. Mazungumzo mengine hatuna.