Usiguse, Rangi Mbichi

Mtaa mzima ulimwita Dobi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ndevu zilipoanza kumchomoza. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka lake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, ndoo ya wanga, na kamba zilizoning'inizwa mashati ya watu. Doa lilimkosesha raha. Mteja akimletea shati lenye tone la mchuzi, Dobi alilishika kwa ncha za vidole na kulitazama kwa huzuni, kama daktari anayeletewa mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani. Wanawake wa mtaani walimtania kwamba hakuoa kwa sababu alishaoa pasi, naye alikuwa na jibu lake: "Pasi ikipoa, imepoa. Haina kinyongo."

Aliishi na mama yake. Bibi huyo alikuwa amepoteza macho polepole, kwa ugonjwa ule wa presha ya macho unaokula nuru kutoka pembeni kuja katikati, mpaka asubuhi moja akauliza mbona hakujakucha. Hakulia sana. Alihamishia macho yake mikononi. Alichambua maharage kwa vidole, na jiwe halikumpita. Alimtambua mgeni kwa kumshika kiganja kabla hajafungua mdomo. Mara nyingi alipita kwenye meza ya mwanawe, akapapasa shati lililokwisha kukunjwa, akasema, "Kola hii umeipiga pasi kwa haraka, baba." Dobi akiikunjua, anaukuta mkunjo.

Uani palikuwa na gari la marehemu baba. Mzee alikuwa akisambaza mikate kwa gari hilo, na siku za mapumziko alimtembeza mkewe, yeye akiendesha kwa mkono mmoja, mama akitoa mkono wake nje dirishani na kuulaza juu ya mlango. Rangi alikuwa ameichagua mama: buluu, ile ya anga mvua inapokatika. Mzee alipofariki, injini iliendelea kuwa nzima, ila jua lilikunywa rangi mpaka ikafifia kama shati la kazi lililofuliwa miaka na miaka. Dobi alilitumia kupeleka nguo za wateja wakubwa na kumpeleka mama kliniki ya macho.

Siku moja wakiwa wanatoka kliniki, mama aliweka mkono mlangoni kama alivyozoea. Magamba ya rangi yakambakia vidoleni.

"Gari la baba yako limekuwa mamba," alisema akiyafikicha. "Lirudishie rangi yake, mwanangu. Nikilishika nijue ni lile."

Dobi akalipeleka gereji, kwa fundi rangi, mtu mrefu, mpole, ambaye hata kope zake zilikuwa na vumbi la rangi. Akamweleza ombi la mama yake asiyeona, na fundi akalipiga msasa mpaka likabaki bati tupu, akaziba mabonde, akalipiga msasa tena. Chini ya mpira wa buti, mahali jua halikuwahi kufika, alikuta ukanda mwembamba wa ile buluu ya zamani, mbichi kama ya jana. Akachanganya rangi yake akiifuata hiyo mpaka macho yakashindwa kuzitofautisha.

Siku ya kukabidhi, Dobi alilizunguka gari mdomo wazi. Hakuwahi kuona kitu kisafi namna ile.

"Sasa nisikilize," fundi akamwambia. "Juu imekauka, lakini ndani bado inakomaa, kama tunda. Mwezi huu wa kwanza usiitie polishi, iache ipumue. Usiifunike kwa nailoni, itatoka jasho. Chini ya miti usiegeshe, utomvu na kinyesi cha ndege vitaila. Vumbi likikaa, mwagia maji matupu, kisha futa kwa kitambaa laini bila kukandamiza. Sabuni ya unga usiisogeze kabisa."

"Sabuni ya unga?" Dobi aliruka. "Mimi hata soksi za watu siziogeshi kwa sabuni kali!"

"Basi tumeelewana."

Alirudi nyumbani kwa mwendo wa maharusi. Majirani walimiminika uani kabla hajazima injini. Mmoja alisema gari linatoa mwanga, mwingine akajitazama kwenye boneti akarekebisha kofia. Dobi alikuwa katikati yao akieleza, akionya, akiwasogeza nyuma. "Usiegemee hapo, bwana. Zipu ya koti hiyo! Huyo kuku ni wa nani? Mwondoeni huyo kuku!"

Mama alikuwa ndani. Alikuwa ameoga, amevaa gauni lake la kutokea, na amejipaka mafuta mikono yote miwili kwa sababu ngozi yake ilikuwa kavu na hakutaka kukwaruza. Alitoka akifuata ukuta kwa kiganja, akafika ukuta unapoishia, akauacha. Alitembea kuelekea sauti za watu huku anatabasamu, mkono wa kulia umenyooshwa mbele, vidole vimeachana. Watu wakampisha. Kilichobaki kati yake na mlango wa gari kilikuwa upana wa kitambaa cha mkononi.

"Mama! Usiguse!"

Dobi aliudaka mkono hewani, akaushika kwenye kifundo, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Rangi mbichi hii! Na mikono yako ina mafuta, tazama! Utaniachia alama za vidole mlango mzima."

Jirani mwenye kofia akainama kutafuta kitu chini ambacho hakijaanguka.

"Samahani, baba," mama akasema. "Sikujua."

Akajifuta viganja kwenye lile gauni la kutokea, kimoja, kisha kingine, kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari. Jirani mmoja wa kike alimshika bega amsaidie, lakini mama aligeuka mwenyewe, akautafuta ukuta, akarudi ndani.

Watu walipotawanyika, Dobi alichukua kipande cha shuka laini akaufuta mlango. Aliufuta vizuri sana, mahali ambapo mkono haukufika.

Ukimuuliza leo, atakwambia kwamba siku ile hakuhisi lolote, na hilo ndilo linalomuuma kuliko yote. Alikula, akalala. Kwa wiki zilizofuata alikuwa na gari tu moyoni. Alilijengea kibanda cha turubai kisichogusana na bati la gari, hewa ipite. Aliamka na ndoo ya maji matupu kabla hajawasha pasi. Ndege akiacha kitu juu ya paa, Dobi aliacha shati la mteja mezani akakimbia na kitambaa kilicholowa. Watoto wa mtaani walimpa jina jipya, Bwana Usiguse, na walikuwa wakilitamka wakiwa wameweka mikono mgongoni, halafu wanatimua mbio.

Mama hakununa. Alimwitikia, alimuuliza kama amekula. Siku ya kliniki alisimama kando ya gari, mikono ameikunja kifuani, akangoja afunguliwe mlango. Ndani aliketi mikono mapajani, dirisha limefungwa. Walipofika alingoja tena. Dobi akamsifu: "Mama, wewe unajua kutunza kitu. Laiti na hawa majirani wangekuwa kama wewe." Mama akasema, "Ndiyo, baba."

Mwezi ulipotimia alilirudisha gari kwa fundi likapigwe polishi ya kwanza. Fundi aliinama akalitazama kwa pembeni, akaridhika.

"Umelitunza. Wengi hunirudia wanalia."

"Nimelilinda kama yai," Dobi akasema, kifua mbele. "Nimegombana na mtaa mzima. Hata mama yangu mzazi nilimkataza."

Fundi alikuwa akizungusha kitambaa cha polishi. Akaacha.

"Mama yule asiyeona? Alitaka kufanya nini?"

"Kulipapasa. Siku ile ile niliyolipeleka nyumbani, na mikono imejaa mafuta!"

"Na ukamkataza."

"Si uliniambia rangi bado mbichi?"

"Nilikwambia polishi, nilikwambia nailoni, nilikwambia ndege. Mkono wa mtu nilikutajia lini?" Fundi hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. "Mafuta kidogo unayafuta, yameisha. Mimi mwenyewe kabla ya kukukabidhi nilipitisha kiganja gari zima. Ndivyo tunavyokagua, bwana. Macho yanadanganywa na mng'aro. Angelipapasa yeye, pengine angenionyesha nilipokosea."

Dobi alicheka, kicheko kifupi kilichokosa pa kukaa. Polishi ilipokwisha, hakulizunguka gari kulitazama.

Alimkuta mama barazani.

"Mama, njoo uone gari."

"Nimeshaliona, mwanangu. Si ndilo linalonipeleka kliniki?"

"Nasema kwa mkono. Shika popote unapotaka."

"Aa, mikono yangu hii itakuharibia."

Dobi akapiga magoti sakafuni. "Mama, siku ile nilikosa. Nisamehe."

"Nilikusamehe kabla hujauachia mkono wangu," mama akasema. "Mzazi akimwekea mwanawe kinyongo, akalale wapi? Inuka, utachafua suruali."

Mama naye akainuka, kwa kumridhisha, akakubali kuongozwa. Dobi alikichukua kiganja chake akakilaza juu ya mlango. Kikakaa pale pale kilipowekwa. Hakikwenda kutafuta kitasa, hakikupanda dirishani, wala hakikufuata ule ukingo ambao miaka ile yote kilikuwa kikiufuata gari likiwa kwenye mwendo.

"Laini," mama akasema. "Ahsante, baba. Nirudishe, jua kali."

"Ni ile ile buluu, mama. Fundi aliikuta chini ya mpira wa buti."

"Vizuri."

Hapo ndipo Dobi alipokumbuka kwamba kwa mwezi mzima mama hajapita kwenye meza yake. Siku mbili baadaye alifanya jambo la kitoto: alinyoosha shati, akaacha mkunjo mkubwa kwenye kola kwa makusudi, akalipeleka akamwekea mapajani. "Hebu nikagulie hili, mama." Mama hakulifunua. "Wewe ndiye fundi, mwanangu," alisema, na akamrudishia kwa mikono miwili.

Haikupita muda mrefu mama akasema anataka kwenda kukaa kwa binti yake, mji wa pili. Alisema anataka kusikia kelele za wajukuu. Halikuwa neno la ugomvi, na Dobi hakuwa na pa kulipinga. Binti huyo, dada mkubwa wa Dobi, akampigia simu.

"Mdogo wangu, huko kuna nini? Mama hajawahi kutaka kuihama nyumba hiyo."

Dobi akamweleza, bila kujipunguzia.

"Alinipigia asubuhi ya siku ile," dada akasema. "Aliniambia, leo gari la baba yenu linarudi, nitalipapasa kuanzia taa hadi taa. Nikamwambia, mama, ukimaliza nipigie unisimulie. Hakunipigia, na mimi nikasahau kumuuliza."

Walisafiri asubuhi, masanduku nyuma, mama mbele. Nusu ya mwisho ya njia ni ya kokoto. Mawe yalianza kuruka na kugonga milango, ta, ta, ta. Kabla ya hapo Dobi angesimama, angezunguka gari, angeshika kichwa. Sasa aliyasikia kana kwamba yanagonga gari la mtu mwingine, na mguu ukawa mzito kwenye pedeli ya mafuta. Alimwomba mama afungue dirisha apate hewa. Mama akasema vumbi litaingia.

Jiwe moja likagonga kwa kishindo upande wake. Mama akashtuka, akamgusa mwanawe gotini.

"Polepole, baba. Rangi yako."

Alisema kwa dhati, kwa huruma kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu anachokipenda. Dobi akapunguza mwendo, na hivyo ndivyo walivyomaliza safari, kwa mwendo wa maharusi.

Kwa dada, watoto walitoka mbio kumpokea bibi, kisha wakaligeukia gari. Chini ya vumbi bado liling'aa. Mmoja alikwisha kunyoosha kidole aandike mlangoni.

"Nani huyo anayegusa?" mama akauliza, akisikia nyayo zao. "Ondokeni hapo. Gari la mjomba haliguswi."

"Waache, mama," Dobi akasema. "Guseni, wanangu. Andikeni majina yenu. Pandeni juu mkitaka!"

Watoto wakamtazama yeye, wakamtazama bibi. Bibi ndiye waliyemzoea kumtii. Wakarudi nyuma hatua chache, wakasimama.

Dada alimshika mama mkono akamwingiza ndani, akaanza kumwonyesha nyumba: huu mlango wa chumba chako, hili dirisha, hapa kuna kabati. Dobi alibaki uani akishusha masanduku, na kutoka ndani alisikia viganja vya mama vikitembea ukutani, kwenye kabati, kwenye pindo la shuka, na sauti yake ikiuliza maswali. Mbao hii ni ya mti gani? Hapa pameoza, mmepaona?

Alikaa nao mpaka alasiri. Walizungumza habari za dawa ya macho, za paa linalovuja, za wateja wake. Mama alimtania kuhusu kuoa, wote wakacheka. Alipoaga, mama alimbariki, akamwambia aende mapema kabla giza halijaingia, njia ile ina mashimo.

Ameendelea kwenda kumtembelea kila anapopata nafasi, na kila mara hupokelewa vizuri, kama mgeni wa heshima.